Mvumilivu wa Kituo cha Basi

Abigael Mshana alipenda filamu za mapenzi za Kitamil kuliko alivyopenda usingizi. Ugonjwa huo aliupata Coimbatore, mji wa kusini mwa India alikosomea biashara kuanzia mwaka 2004 hadi 2007. Hosteli ya wasichana ilikuwa na televisheni moja. Aliyewahi kushika rimoti ndiye aliyeamua, na wasichana wa Kitamil waliwahi kila siku. Mwaka wa kwanza Abigael alitazama bila kuelewa neno. Mwaka wa pili alikuwa analia kabla wenyeji hawajalia.

Alipohamia Toronto na kupata kazi katika duka la miwani huko Don Mills, alianzisha blogu ya Kiswahili akaiita Filamu na Wiketi. Hakuweka jina wala picha yake. Alijiita Dada Wiketi. Kila Jumamosi alipanda basi hadi Scarborough, kwenye maduka ya Watamil, akanunua diski tatu au nne, na Jumapili baada ya ibada akaandika.

Alikuwa na maoni makali. Alisema huwezi kuihukumu filamu ya Kitamil kabla ya mapumziko, kwa kuwa nusu ya kwanza ni ya kuchekesha na nusu ya pili ni ya kuzika. Alisema nyimbo zinazochezewa kwenye theluji ya Ulaya ni ukatili mtupu: mwanamume anavaa koti na sweta, msichana anaachiwa sari nyepesi na kitovu nje. Ukatili huo, aliandika, hakuuelewa mpaka aliposubiri basi barabarani Don Mills mwezi wa kwanza. Alisema pia kwamba shujaa mwenye masharubu hulia vizuri kuliko asiye nayo. Watanzania wa Mwanza, Leeds na Minnesota walimsoma, wakacheka, wakabishana naye.

Upande wa wiketi, yaani wa kriketi, ulikuwa wa mtu mmoja tu. Huyo ni Kathiravan, mchezaji wa kriketi wa mkono wa kushoto aliyechezea timu ya jimbo wakati Abigael yuko chuoni. Hakuwa nyota mkubwa. Abigael alimpenda kwa jambo moja: mpira ukigusa gongo lake kidogo tu na kudakwa, hata kama mwamuzi hakuona, hata kama uwanja mzima haukusikia, Kathiravan alivua glovu, akatia gongo kwapani, akaondoka. Wenzake husimama palepale wakisubiri mwamuzi anyooshe kidole. "Ametoka na anajua ametoka," aliandika Abigael. "Hangoji kufukuzwa."

Lakini makala iliyosomwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 2009, nayo aliipa jina "Mwanamume Asiyechoka". Ilihusu filamu ya zamani ambayo diski yake haikuwa hata na jalada. Shujaa anamwona msichana kituo cha basi, anampenda, anakataliwa. Anarudi kesho yake, na kesho kutwa, siku arobaini, anasimama kimya juani na mvuani. Siku ya arobaini anamfuata msichana alipo, ameshika uzi wa manjano uliopakwa bizari, ule ambao Watamil humfunga bibi arusi shingoni na ndoa ikawa imekamilika. Anamfunga kabla msichana hajasema neno. Msichana analia, kisha anamwegemea.

Abigael naye alilia. Aliandika: "Msichana akisema hapana, usisikilize mdomo, tazama macho. Na ninyi wanaume wetu wa siku hizi, mkikataliwa mara moja tu mnafuta namba ya simu. Mtajifunza lini?"

Watu themanini na saba walitoa maoni. Mmoja alijiita Mvumilivu. Aliandika neno moja: "Nimejifunza."

Jumatatu moja katikati ya mwezi wa kwanza, mwaka 2011, Elias aliingia dukani. Abigael alimfahamu kwa sura kutoka ibada ya Kiswahili. Alikuwa fundi wa lifti, mkazi wa Mississauga, mtu wa miaka kama thelathini na minane, mpole, ambaye kila Jumapili aliwabeba wazee kwa gari lake kuwapeleka kanisani na kuwarudisha. Alitaka kupimwa miwani. Abigael akamketisha, akachukua rula ndogo ya kupimia nafasi kati ya mboni za macho, akamsogelea. Ndipo Elias aliposema kwa sauti ya chini, "Dada Wiketi."

Abigael alirudi nyuma hatua moja.

"Umejuaje?"

"Uliwahi kuandika kwamba mlango wa duka lenu una kengele ya ng'ombe. Nimeingia maduka manane ya miwani, hili ni la tisa." Alitabasamu kama mtu aliyeshinda fumbo la gazetini. "Ningependa tukanywe chai, Abigael. Leo ukitoka kazini."

Abigael alirudisha rula mezani. Alijua namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Mama yake alimfundisha. "Asante kaka Elias, ila hapana. Sitaki kukupotezea muda. Sina nia hiyo."

Elias aliinuka, akafunga zipu ya koti. Hakuonekana kuumia. Alimtazama machoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha akasema, "Basi leo ndiyo ya kwanza." Kengele ya ng'ombe ikalia nyuma yake.

Abigael hakuelewa. Alielewa saa kumi na moja na nusu jioni, alipofika kituo cha basi na kumkuta Elias amesimama ng'ambo ya barabara, mikono mifukoni, theluji imetanda mabegani. Hakuja karibu. Hakupunga mkono. Basi lilipofika hakupanda. Aligeuza kichwa tu kulifuata lilivyokuwa likienda. Abigael alipofika nyumbani na kufungua kompyuta, chini ya makala ile ya mwaka 2009 alikuta maoni mapya. Mvumilivu alikuwa ameandika: "Siku ya kwanza."

Kesho yake: "Siku ya pili." Kesho kutwa: "Siku ya tatu." Wasomaji waliamka. Walidhani ni mchezo, wakaufurahia. "Komaa kaka!" aliandika mmoja kutoka Mwanza. "Dada Wiketi, kubali tu tule pilau," aliandika mwingine. Walianza kuhesabu pamoja naye. Mvumilivu akichelewa kidogo, yupo msomaji aliyeuliza, "Vipi, leo ya ngapi?" Abigael alisoma maneno ya watu aliowapenda, ambao hakuwahi kuwaona, kisha akaifunga kompyuta.

Siku ya nane alibadili kituo. Alitembea dakika ishirini kwenye barafu kwenda kupanda basi la barabara nyingine. Siku ya tisa Elias alikuwa hapohapo, kwenye kituo kipya, amefika kabla yake. Jumapili kanisani alikaa viti vitatu nyuma yake, na wimbo ulipoimbwa Abigael aliisikia sauti yake ikipanda juu ya za wengine, sauti nzuri. Alianza kuoga huku mlango wa bafu ameuacha wazi ili asikie hatua. Alianza kula amesimama.

Siku ya kumi na nne aliyanakili kando maoni ya Mvumilivu, kisha akaifuta ile makala. Alikaa mbele ya kompyuta akijihisi mwepesi kwa takriban saa nzima. Kisha, chini ya makala nyingine kabisa, maneno yake yote ya mwaka 2009 yakatokea tena, neno kwa neno, na mwisho wake Mvumilivu akaongeza: "Usijali, nilikutunzia. Siku ya kumi na nne."

Jumapili iliyofuata, siku ya ishirini na moja, alimwendea Mzee Januari, kiongozi wa ibada ya Kiswahili, aliyekuwa akikunja viti pamoja na mkewe, Mama Dorotea. Aliwaamkia, akawaeleza yote kwa mpangilio, kama anavyomweleza mteja bei.

Mzee Januari alisikiliza hadi mwisho. "Amekugusa?"

"Hapana, Mzee."

"Amekutukana? Amekutishia?"

"Anasimama. Anahesabu."

"Mwanangu, Elias ndiye anayenileta mimi hapa kila wiki. Ndiye aliyemzika mama wa watu pale Brampton kwa mfuko wake. Mtu anasimama kwenye baridi kwa ajili yako, na wewe unaniletea kama kesi?"

Mama Dorotea aliweka kiti chini. "Na haya mambo ya kusimama si wewe uliyeyaandika? Binti yangu alinisomea. Tulicheka sana. Wenzako wanafunga na kuomba wapate mume kama huyo."

Abigael alitaka kusema kwamba ile ilikuwa filamu. Maneno hayakutoka, kwa sababu ndani yake palikuwa na sauti iliyokuwa ikisema hivyohivyo tangu siku ya kwanza: wewe ndiye uliyeandika. Hiyo ndiyo sababu hakuwa amekwenda polisi. Alijiona akikaa mbele ya afisa, naye Elias anatoa karatasi, anasema, someni, alinifundisha yeye.

Alipanga chumba cha chini katika nyumba ya mjane mmoja Mwismaili aliyeitwa Zeenat, mzaliwa wa Mwanza. Abigael alimwita Mama Amyn, kwa jina la mwanawe. Mama Amyn aliondoka Mwanza mwaka 1972, lakini Kiswahili chake hakikuondoka. Jioni nyingine alishuka na bakuli la karanga, wakatazama filamu pamoja, naye alikuwa na maoni yake mwenyewe. "Mbona msichana hana kazi?" aliuliza kila mara. "Mbona hana shangazi hata mmoja? Msichana mwenye shangazi hafuatwi hivi." Abigael hakuwa amemweleza chochote. Aliona aibu, na pia aliogopa kuambiwa ahame.

Siku ya thelathini na moja, Jumatano, alirudi nyumbani akimshukuru Mungu, kwa maana kituoni hapakuwa na mtu. Alifungua mlango wa mbele. Kwenye mkeka wa kufutia miguu palikuwa na buti za kiume za kahawia, zimepangwa sawasawa kando ya ndala zake yeye.

Alisimama na ufunguo ungali kwenye kitasa. Juu, sebuleni, watu walikuwa wakizungumza Kiswahili. Mama Amyn alicheka. Abigael alifikiria kurudi nje, akimbie, lakini alimfikiria mama mtu mzima aliye peke yake mle ndani, akapanda ngazi.

Elias alikuwa kwenye kochi na sahani ya bhajia magotini. Alivaa soksi nyeupe mpya.

"Abigael, wewe msiri kweli," Mama Amyn alisema. "Una mchumba hata huniambii? Nimefungua mlango nikaona kijana ananiambia shikamoo. Miaka mingapi sijaamkiwa shikamoo mlangoni kwangu?"

"Si mchumba wangu," Abigael alisema. Sauti ilitoka ndogo.

Elias aliweka sahani mezani taratibu, akapangusa vidole. "Bado," alisema kwa upole. "Asante kwa chai, Mama. Nilitaka tu nipajue." Alipomkaribia Abigael kwenye ngazi hakumgusa hata kwa koti. Aliinama akavaa buti, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, na alipokuwa bado ameinama akasema, kama mtu anayesoma saa, "Thelathini na moja."

Mlango ulipofungwa Abigael alikaa kwenye ngazi. Mama Amyn alikuja, akakaa ngazi ya juu yake. Alisikiliza kila kitu. Alitaka aoneshwe maoni ya Mvumilivu, akayasoma kwa miwani yake ya kusomea, kuanzia la kwanza, kwa sauti ya chini, na alipofika la kumi na nne mkono ulikuwa mdomoni.

"Nimemfungulia kwa sababu ya shikamoo," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Nimempa bhajia."

"Hukujua, Mama Amyn."

"Siku ya arobaini inatokea nini?"

Abigael akamwambia kuhusu uzi wa manjano.

Mama Amyn alimpigia simu mwanawe aje abadilishe kitasa. Asubuhi yake alivaa koti lake jema la kwendea jamatikhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, akatoa gari, akampeleka Abigael kituo cha polisi. Walipokelewa na afisa mwanamke mwenye mvi. Abigael alikuwa amechapisha kwenye karatasi maoni yote thelathini na moja, naye Mama Amyn aliyatafsiri moja moja kwa Kiingereza ingawa yalifanana, kwa kuwa hakutaka hata moja lirukwe. Ile makala ya mwaka 2009 Abigael aliitoa mwenyewe. Alisema, "Hii niliandika mimi," akaishusha mezani, akangoja kuchekwa.

Mama Amyn aliitafsiri nayo, na afisa akaisikiliza bila haraka. "Mimi napenda filamu za majambazi," alisema. "Hakuna aliyewahi kunishauri niibe benki." Kisha akauliza kama Abigael alimkataa huyo mtu waziwazi.

"Siku ya kwanza."

"Mwandikie tena, mara moja, kwa maneno mafupi. Baada ya hapo usimjibu kamwe. Sisi tutazungumza naye." Aligeuza kalenda iliyokuwa mezani. "Siku ya arobaini ni lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

Afisa akaizungushia duara kwa kalamu. Abigael alilitazama lile duara. Hadi dakika hiyo sehemu ya moyo wake ilikuwa ikitumaini kuambiwa kwamba anakuza mambo. Sasa mtu anayejua kazi yake alikuwa ameitia alama siku hiyo.

Polisi walizungumza na Elias siku iliyofuata, wakamwonya asimkaribie wala asimwandikie. Jioni hiyo kituoni hapakuwa na mtu. Kwenye blogu hapakuwa na namba. Siku ya thelathini na nne, kimya. Abigael aligundua kwamba kimya kilimtisha zaidi. Zamani alijua Elias yuko wapi: yuko ng'ambo ya barabara. Sasa angeweza kuwa popote. Kila mwanamume mwenye koti jeusi alikuwa na mabega yake. Wasomaji wa Mwanza nao waliuliza, "Kaka ameishia wapi? Asikate tamaa, zimebaki chache."

Jumapili hakwenda kanisani. Alikaa akaandika makala mpya, ya kwanza kuandika bila mzaha hata mmoja. Aliipa jina "Nilikosea".

"Huyu mnayemshangilia si msomaji anayenitania," aliandika. "Ni mtu anayenisubiri kila ninapotoka kazini. Amenifuata hadi ninapolala. Nilimwambia hapana, na hapana yangu ilikuwa hapana. Kwa miaka mitatu nimemsifu Kathiravan kwa kuwa anajua kuondoka, na wiki hizohizo nikamsifu mwanamume asiyeondoka. Niliandika yote mawili kwa mkono huuhuu na sikuona kwamba najipinga. Yule msichana wa filamu analia mwishoni. Nilisema analia kwa furaha. Nimeitazama tena jana. Hakuna mahali popote anaposema hivyo. Nilisema mimi."

Maoni yalikuja mengi. Wengine waliomba radhi. Wengine walisema ameringa, Ulaya imemharibu, ingawa hakuwahi kufika Ulaya. Jumatatu, siku ya thelathini na sita, ulikuja ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kama Eliaichi, muuguzi, mkazi wa Hamilton.

"Dada, samahani. Huyo mtu ni fundi wa lifti? Mimi alianza kunihesabia mwaka 2008, kabla hujaandika hicho ulichoandika. Kwangu alisema ni siku arobaini za Musa mlimani. Siku ya arobaini alikuja wodini na pete, akanishika mkono akaivisha kwa nguvu mpaka kidole kikavunjika. Nilisema nimeanguka kwenye barafu. Nilihama mji. Sikumwambia mtu."

Abigael aliusoma ujumbe huo mara nne. Kabla hujaandika. Alilia kwa muda mrefu, na hakujua analia kwa nafuu au kwa ajili ya kile kidole. Kisha akampigia Eliaichi simu, na Eliaichi akakubali kuzungumza na yule afisa.

Ijumaa, siku ya arobaini, hakutaka kutoka. Lakini nyumbani Elias alipajua, na Rafiq, mwenye duka, mzaliwa wa Dodoma, alimwambia kwa simu, "Njoo dukani, huku kuna watu. Na za mwizi arobaini, Abigael. Akithubutu leo, amekwisha." Mama Amyn alimsindikiza. Alikaa kwenye kiti cha wateja tangu saa tatu asubuhi, akijaribisha fremu moja baada ya nyingine, jicho mlangoni.

Hakuna kilichotokea asubuhi yote. Saa saba na robo mchana Mama Amyn alikwenda msalani. Rafiq alikuwa chumba cha nyuma akisaga vioo, na mashine yake ilikuwa ikinguruma. Dukani alibaki mzee mmoja Mzungu aliyevua miwani yake mibovu na bila hiyo hakuona zaidi ya mkono wake.

Kengele ya ng'ombe ikalia.

Elias alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai. Alikuwa amenyoa vizuri. Alitembea hadi kaunta bila haraka, akaweka kisanduku kidogo juu ya kioo, akakifungua, na harufu ya bizari ikapanda. Abigael alitafuta simu chini ya kaunta. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine, simu ikateleza ikaanguka sakafuni.

"Usiogope," Elias alisema. "Nilijua watakutia maneno. Hata kwenye filamu familia huingilia kati. Mwisho wake tunaujua sisi wawili."

"Hapana," Abigael alisema.

Elias alitazama macho yake. Alitazama kwa makini kama msomaji wa maandishi madogo. "Macho yako hayasemi hivyo."

"Macho yangu yanaogopa, Elias. Hicho ndicho unachokiona tangu siku ya kwanza. Ni woga. Hakuna kingine."

Kwa muda kidogo uso wake ulibadilika, kana kwamba amesikia mtu akiita jina lake kwa mbali. Abigael alidhani ameelewa. Kisha mkono ukanyooka kupita juu ya kaunta, uzi ukiwa umetandazwa kati ya vidole viwili, na ukamgusa shingoni, baridi na unyevu. Abigael alijitupa nyuma. Kabati la fremu liliyumba, miwani ikamwagika sakafuni kwa kelele, na kutoka kooni mwake ikatoka sauti ambayo hakujua anayo: "Hapana. Hapana. Hapana."

Mashine ikazimika. Rafiq alitoka na aproni yake. Wakati huohuo Mama Amyn alitokea upande wa msalani, akaja moja kwa moja akasimama kati ya Elias na kaunta, mwanamke wa futi tano kasoro, fremu ya bei kali ikiwa bado usoni na kibandiko chake.

"Rudi nyuma," alimwambia kwa Kiswahili. "Ulinisalimu vizuri nikakufungulia mlango. Leo nakwambia mimi, rudi nyuma."

Elias alirudi hatua moja. Kisha hatua nyingine. Alikaa kwenye kiti cha wateja, uzi ungali mkononi, akaanza kulia kimyakimya, mabega yakitikisika. Hakukimbia. Yule mzee Mzungu, ambaye hakuona kitu lakini alisikia, ndiye aliyekuwa ameshapiga simu. Polisi walipofika Elias aliinuka mwenyewe. Mlangoni aligeuka na kumwambia Abigael, kwa upole uleule, "Nilihesabu sawasawa." Abigael aliota sentensi hiyo kwa miezi.

Kesi ilichukua hadi kiangazi. Eliaichi alitoa ushahidi kwa maandishi, na picha za kidole chake zilipatikana kwenye mafaili ya hospitali. Elias alikiri. Aliamriwa atibiwe, asimkaribie yeyote kati ya wale wanawake wawili kwa miaka mitatu, na kila wiki aripoti. Alihamia mkoa wa magharibi kwa dada yake.

Kanisa liligawanyika kwa muda. Mama Dorotea hakumsalimu tena Abigael. Mzee Januari alikuja dukani Jumanne moja kwa basi, kwa kuwa hakuwa na wa kumleta. Alivua kofia.

"Nilikujibu vibaya," alisema.

"Ndiyo, Mzee," Abigael alisema. Hakuongeza la kumfariji. Alimpima macho, akamwambia miwani itakuwa tayari baada ya wiki moja.

Blogu aliiacha kwa karibu mwaka. Filamu aliendelea kuzitazama, lakini sasa alizisimamisha katikati, akamgeukia Mama Amyn, wakabishana kama msichana anacheka au amebanwa ukutani. Nyingine walizizima. Nyingine, ambazo shujaa anauliza na anangoja ajibiwe, waliziangalia mara mbili.

Mwezi wa tisa alipanda treni kwenda Hamilton kuonana na Eliaichi kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameongea kwa simu mara nyingi hata wakajua sauti za kikohozi cha kila mmoja. Eliaichi alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilipinda kidogo kuelekea nje. Walikumbatiana, wakaingia kwenye mkahawa mdogo wa Wahabeshi uliokuwa karibu na stesheni.

Mhudumu aliwapa meza ya watu wawili dirishani. Wote wawili walikiendea kiti kimoja, kile chenye mgongo ukutani, kinachotazama mlango. Walisimama, wakatazamana. Hakuna aliyetaka kile kingine.

"Kaa wewe," Eliaichi alisema.

"Hapana, kaa wewe."

Mwishowe Abigael alikivuta kiti cha pili, akazunguka nacho meza, akakiweka kando ya cha mwenzake. Walikaa bega kwa bega kama abiria, mlango ukiwa mbele yao, wakaagiza chakula cha watu wawili kwenye sinia moja. Walikula taratibu. Kila mtu alipoingia walinyamaza wote wawili, wakamtazama mpaka akakaa, kisha wakaendelea na mazungumzo.